Mate ya Mjomba Ekai

Nikiwa bado mtoto pale Kakuma, sikuruhusiwa kwenda shule kabla babu hajanitemea mate. Alitafuna tumbaku, akanirashia kwenye paji la uso na kunitaja kwa Akuj, Mungu wetu. Nilifika darasani nikinuka tumbaku, lakini nimebarikiwa. Hata mtu anayekata roho hutemewa mate kwetu, asiende mikono mitupu. Na tuliamini kwamba muuaji hathubutu kumtemea aliyemuua. Akijaribu, tumbo lake litavimba afe.

Mchana mmoja katika miaka ya tisini, jirani yetu Lokwang alichomwa kisu kwenye laga, mto wetu wa mchanga mtupu. Akafa palepale. Polisi walimkamata mjomba Ekai, ndugu yake mama, kwa kuwa wawili hao walikuwa wamegombania mbuzi na kila mtu alisikia.

Kesi ilisikizwa Lodwar, na mama akanichukua twende naye. Shahidi alikuwa mama Mkongo aliyeuza vitenge katika kambi ya wakimbizi, mwanamke mkweli ambaye sijawahi kumchukia.

"Kisu sikuona," alisema. "Niliona huyu baba anainama, anamutemea ule mutu mate ku uso, anaenda."

Mama alinifinya mkono kwa furaha. "Umesikia? Ameonekana akimbariki! Leo tunarudi naye nyumbani."

Nami nikacheka, maana kwa akili yetu kesi ilikuwa imekwisha.

Hakimu alikuwa ametoka kule kusini tulikokuita Kenya, kana kwamba sisi tulikuwa nchi nyingine. Akamwuliza mjomba, "Ni kweli ulimtemea mate?"

Karani akatafsiri. Mjomba, maskini, akasimama wima kwa fahari kabisa. "Ndiyo. Nilimtemea vizuri."

Karani akatafsiri hayo tu, na hakimu akaandika. Kwa nini alitema, hakuna aliyeuliza.

Siku ya hukumu hakimu alisema mtu yeyote mwenye akili timamu anajua kuwa anayemtemea mate mtu anayekufa amejaa chuki. Mama alipiga ukelele kwa Kiturkana, askari wakamtoa nje. Mjomba alifia gerezani kabla sijamaliza shule ya msingi.

Hasira yangu kwa yule hakimu haijaisha, wala siombi iishe. Lakini nimekua, na siku hizi natutazama na sisi. Yeye alijua mjomba ameua kwa sababu alitema mate. Sisi tulijua hakuua kwa sababu hiyohiyo. Kila upande uliridhika na akili yake, na kisu hakikutafutwa tena.

Nikienda sokoni Kakuma, wazee wa rika la mjomba huniita kwa salamu yetu, "Ejok, binti yetu!" Nawapa mkono mmoja baada ya mwingine, nikijua huenda mmoja wao ndiye mwenye kile kisu.