Muda Hadi Januari Mosi

Hesabu zangu niliziandika ukutani. Nyuma ya kibanda changu cha kuchora mabango, pale mtaa wa Hai Cinema mjini Juba, palikuwa na ukuta wa saruji, na kila kazi niliyomaliza niliiandika hapo kwa rangi iliyobaki kwenye brashi: hoteli kwa buluu, saluni kwa waridi, duka la simu kwa kijani. Miaka ile ya kwanza ya uhuru kila mtu alitaka bango. Harufu ya tapentaini ilinilewesha, nikawa natembea kutwa nikiona herufi zikielea juu ya vumbi. Nchi nzima ilikuwa rangi mbichi, nami nilikuwa na furaha ya kipumbavu.

Ndipo ikaja karatasi ya kodi. Anayejiajiri alete hesabu za mwaka, la sivyo kibanda kitiwe kufuli. Siku mbili zilizobaki hazikutosha kunakili ukuta mzima, maana mahali pengine nilikuwa nimeandika kazi juu ya kazi. Nikaandika barua kuomba niongezewe muda. Nililelewa Nakuru, na huko nilifundishwa kwamba serikali huongewa nayo kwa barua.

Mama wa Uganda aliyeuza chai jirani yangu alicheka hadi akaweka birika chini. “Wewe iko na wazimu? Watu nakimbia hiyo ofisi, wewe napeleka barua!”

Ofisini nilimkuta kijana wa rika langu. Kiswahili chake kiliniambia kwamba naye alikulia Kenya. Aliisoma barua mara mbili.

“Buda, hapa hakuna mtu huomba muda. Watu hupotea tu.”

“Mimi sitaki kupotea. Kile kibanda ndicho kinanilisha.”

“Haya. Niandike mpaka lini?”

Kabla sijajibu, mkono wake ulishaandika Januari mosi. Tulitazamana, tukaangua kicheko. Hiyo ndiyo tarehe yetu ya kuzaliwa, sisi tuliozaliwa vitani. Mama zetu walikumbuka mvua na mavuno, wala si tarehe, na makarani wa vyeti wakatupa wote siku moja. Mkono wake ulizoea kuiandika.

“Basi siku hiyo tukate keki,” alisema, akagonga muhuri. Kisha akaonyesha mlango wake mtupu. “Na uniandikie jina hapo. Tangu uhuru nangojea serikali ilete kibao.”

Nilimwambia nitakileta pamoja na hesabu. Nilitafuta ubao mzuri, nikaandika majina yake matatu, lake, la baba na la babu, meupe juu ya buluu. Nadhani sijawahi kuandika herufi nzuri kuliko zile. Nikauegemeza ukutani ukauke.

Katikati ya Desemba bunduki zikaanza. Kufikia siku ya pili ilijulikana mjini kwamba wanaume wanaulizwa majina milangoni, na jina peke yake linatosha mtu kuuawa. Niliutazama ubao. Majina yale matatu yalikuwa ya kabila lililokuwa likitafutwa. Nikalowesha kitambaa kwa tapentaini, nikayafuta. Sikumfikiria yeye hata kidogo. Nilifikiria kibanda changu, na mpaka leo ninaona haya.

Januari mosi ilinikuta Nesitu, chini ya lori lililokufa gia, njiani kukimbilia Nimule, mpakani. Tulikuwa wengi kivulini, na bila shaka nusu yetu tulikuwa tunatimiza mwaka. Hakuna aliyelitaja. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwa shati, imelowa jasho, muhuri ukianza kuchapa kifuani.

Nilirudi Juba mvua zilipoanza. Mama wa chai alishavuka kwao Uganda. Kibanda kilikuwa kimesimama, na ukuta nao, rangi zote mahali pake. Nilinakili siku tatu, nikaenda ofisini.

Aliyekuwa mezani alikuwa mtu mwingine, mzee mwenye miwani. Aliipindua barua.

“Muda huu umepita zamani. Nani alikupa?”

Saini ilikuwa kama uzi uliotatizika, haisomeki. Nyuma yangu mlango ulikuwa bado mtupu. Nilivuta pumzi, nikayataja majina yote matatu kwa sauti. Mzee alivua miwani.

“Huyo walimtoa kwake Munuki,” alisema polepole. “Ile wiki ya kwanza.”

Hakuniuliza tena habari ya tarehe. Alizipokea hesabu zangu, akagonga muhuri, na kibanda kikabaki changu. Aliyenipa muda hadi Januari mosi hakuifikia yeye mwenyewe.

Nilirudi kwenye ule ubao. Tapentaini haifuti yote. Nilipouinamisha kwenye mwanga, herufi bado zilionekana. Nilizifuata kwa brashi moja moja. Kesho yake niliupeleka ofisini na nyundo na misumari yangu, nikaupigilia mlangoni mchana kweupe, na mzee akanishikia upande wa pili usipinde.