Mwaka Madrid Walipofungwa Mara Moja

Shemeji yangu Marhoun si mtu mbaya. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu nikimaliza wengine mtamlaani, na mimi nimekaa naye sabla moja miaka thelathini, namjua. Alizaliwa Tabora, akaletwa huku Ibra, Omani, na baba yake akiwa na miaka kumi na tatu, Kiarabu hajui ila cha kusalia. Shuleni walimcheka. Akasoma hivyo hivyo na kuchekwa kwake, akawa karani wa serikali, akapanda mpaka akastaafu na jina safi. Ana mitende ishirini na mbili na zamu yake ya maji ya falaji, mfereji wa mji unaonywesha mashamba, na hajapata kumwibia jirani hata dakika moja ya maji yale. Ila ulimi. Ulimi wa Marhoun ukishaondoka haushikiki.

Mkewe ni dada yangu Mahfoudha, tangu mwaka themanini na sita. Na ulimi ule ule ulikwisha kumtoa nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza waligombana juu ya mama mkwe, akamwambia nimekuacha. Baada ya wiki tatu akamrejea. Mara ya pili dada alitaka kwenda Tabora kumuuguza shangazi yetu, mume hataki, wakapandishana sauti, likamtoka tena. Safari hiyo mimi ndiye niliyekwenda na kurudi baina yao mpaka wakapatana. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba yetu anajua hesabu: imebaki moja. Ikitoka hiyo hakuna kurejeana, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kwanza.

Sasa mnielewe na hii sabla. Ni ukumbi wa wanaume wa mtaa wetu: mazulia, kahawa, tende, na televisheni kubwa aliyotununulia mwenzetu Musabbah alipomwoza mwanawe. Hapo ndipo tunapofanya matanga, sulhu za mirathi, na mpira wa Hispania. Nusu yetu Madrid, nusu Barcelona. Mimi Madrid. Marhoun Barcelona, na si Barcelona ya kawaida, ya kuumwa tumbo.

Ilikuwa Septemba ya mwaka elfu mbili ishirini na tatu, Jumatatu baada ya alasiri. Usiku uliopita Madrid walikuwa wamepigwa tatu kwa moja na Atlético. Marhoun aliingia na sahani ya halua mkononi, meno yote nje.

"Kuleni, kuleni, msiba wenu huu nimeugharamia mimi. Timu yenu imekwisha."

"Ligi ndefu, shemeji," nikamwambia. "Tuonane Mei."

Akasimama katikati ya zulia, kidole juu. "Alayya ttalaq, Madrid hawachukui ligi mwaka huu!"

Huku kwetu wanaume hulitupa neno hilo kama ganda la ndizi. Maana yake, talaka inanilazimu lisipokuwa nisemalo. Mgeni akikataa kula, mwenyeji anaapa hivyo. Wawili wakigombea kulipa mafuta ya gari, wanaapa hivyo. Wengi hawalifikirii. Lakini mzee Musallam, ambaye hutuswalisha imamu asipokuwepo, aliweka kikombe chake chini.

"Astaghfirullah. Liondoe neno hilo, ya Marhoun. Liondoe sasa hivi."

Marhoun akababaika. Nilimwona, alikuwa karibu kuliondoa. Na mimi, ndugu wa tumbo moja wa mwanamke mwenyewe, nikasema, "Anaogopa huyu. Hana imani na maneno yake."

Watu wakacheka. Marhoun akalirudia, herufi kwa herufi, akinitazama mimi. Na mimi nikacheka pamoja nao.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hesabu ya talaka ilinijia nikiwa rakaa ya pili ya magharibi, nikasahau hata nimefika wapi katika sura. Nje ya msikiti Marhoun alikuwa ananingoja, uso umemkauka.

"Dada yako asisikie, akhui, ndugu yangu. Madrid hawachukui. Kwa nini tumtie wasiwasi bure?"

Nikasema sawa. Nilisema haraka sana, nakumbuka.

Basi msimu ukaenda. Wapenzi wa mpira mnajua ulivyokwenda, lakini nyinyi mliutazama kwa raha. Ile ya Atlético ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho: ligi nzima, Madrid hawakufungwa tena. Oktoba walikwenda kwa Barcelona wenyewe, wakatanguliwa bao, wakasawazisha, wakapata la pili dakika za nyongeza. Marhoun alitoka sabla bila kuaga, viatu mkononi. Alipoona Barcelona hawafai akahamia Girona, ambao miezi ile walikuwa juu ya jedwali na kila mtu anawastaajabia. Mzee wa miaka sitini na mbili, hajui Girona ipo upande gani wa ramani, anawaombea dua baada ya swala. Februari Madrid wakawapiga nne bila.

Kesho yake nilimfuata shambani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa falaji, maji ya zamu yake yanapita na hakuyageuza kwenye mitende. Alikuwa amekonda, kanzu inamning'inia.

"Kamwulize sheikh," nikamwambia. "Au mwambie mwenyewe Mahfoudha."

"Nikiuliza, nimekubali kwamba yatatokea."

"Yatatokea, Marhoun."

"Usiseme hivyo, wallahi usiseme hivyo." Na akaanza kulia, mtu mzima yule, akajifuta kwa ncha ya kilemba. Nilimgeuzia yale maji, nikaenda zangu.

Kila Ijumaa nilikuwa nakula kwao. Mahfoudha akipika wali wa nazi na papa mkavu, kama alivyopika mama yetu, na akiwagombeza wajukuu kwa Kiswahili nao wakimjibu kwa Kiarabu. Ni mwanamke mpole, lakini wa dini sana. Anasomesha wasichana wa mtaa Kurani chumba cha mbele, na hata deni la sindano hataki lilale. Mwaka ule alianza jambo jipya. Akinipa sahani, ananiuliza, "Madrid wamecheza?"

"Wamecheza, dada."

"Wameshinda?"

"Wameshinda."

"Haya," anasema, anarudi jikoni. Nilidhani wajukuu wamemtia ugonjwa wa mpira. Marhoun alikuwa hanyanyui macho kutoka kwenye sahani.

Ikafika Mei nne, Jumamosi. Madrid walicheza na Cádiz jua linazama, tukawahi magharibi na kurudi: tatu bila. Sasa ilibaki Barcelona wasishinde huko Girona, ligi iishe siku hiyo hiyo. Marhoun alijua kwamba hata Barcelona wakishinda ni kuchelewesha tu. Alitaka wiki moja, basi. Mpaka mapumziko Barcelona walikuwa wanaongoza mbili kwa moja, na rangi ikamrudia usoni, akaomba kahawa. Kipindi cha pili, ndani ya dakika kumi, Girona wakatia matatu. Girona wale wale wa dua zake. Sabla ililipuka, Musabbah alikuwa anacheza na mto kichwani. Nilipomtafuta Marhoun kwa macho, mahali pake palikuwa na kikombe tu.

Jumapili ikapita. Jumatatu ikapita. Jumanne asubuhi akanipigia honi mlangoni, tukaenda Nizwa, kwa mzee mmoja wa fikihi anayeheshimiwa. Njia nzima hakusema kitu.

Yule mzee alimsikiliza, kisha akamwuliza, "Ulipotamka, ulinuia kumwacha mkeo, au ulinuia kulitia neno lako nguvu?"

"Kulitia nguvu, sheikh. Haikunipitia hata sekunde kumwacha."

Akanigeukia mimi. "Ulikuwepo? Ilikuwaje?"

Nikamweleza kila kitu, na langu nikalitia. Kisha akasema kuwa wako wanazuoni ambao wangemwambia talaka imeanguka, na asijidanganye kuwa hawapo. Ila yeye, kwa nia aliyoisikia, anaona ni yamini, kiapo tu kilichovunjwa. Alishe maskini kumi, atubu, na neno lile asilitie tena mdomoni mpaka azikwe.

Marhoun alimbusu yule mzee kichwa. Kurudi, aliongea mpaka Ibra. Atamchukua Mahfoudha umra. Atamjengea lile jiko la nje alilolitaka. Alinunua halua kubwa kuliko ile ya Septemba, nami nikafurahi naye, nikajiona mtu mwema niliyesaidia.

Mahfoudha alikuwa chumba cha mbele, anapanga misahafu. Marhoun aliketi mbele yake, akamhadithia yote kwa mkupuo mmoja, akamalizia, "Khalas, Mama Jumana, tumesalimika."

Hakushtuka. Alipanga msahafu wa mwisho.

"Mke wa Musabbah aliniambia siku ya tatu tu. Septemba."

Marhoun akaiweka ile halua chini.

"Miezi minane nimekungoja uje uniambie," akasema. "Nilikuwa nauliza matokeo mbele yako ili nikufungulie mlango. Lakini hayo nimekusamehe, kuogopa ni ubinadamu. Nijibu moja tu. Sheikh umemwuliza leo. Jumamosi usiku ulilala chumbani kwangu. Jumapili, Jumatatu. Siku hizo tatu ulikuwa hujui kama mimi ni mkeo au ni mwanamke wa haramu kwako. Nilikuwa nani, Marhoun?"

"Nilikuwa naogopa..."

"Mimi nilikaa kitandani nimeamka, nangoja useme neno moja nitoke kwa heshima yangu. Umeniacha nilale na shaka. Umri wangu huu, na Kurani hii ninayosomesha."

Akaliita jina langu, Khalaf, akaniomba nimpeleke Sur, kwa bintiye Jumana. Marhoun alimwonyesha karatasi ya fatwa aliyoandikiwa na yule sheikh. Akaisoma yote kwa makini, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Sheikh amejibu alichoulizwa," akasema.

Mpaka leo yuko Sur. Hakudai talaka, hakurudi. Kila Alhamisi Marhoun anaendesha kwenda huko, anakaribishwa kwa adabu, anakunywa kahawa, anaulizwa hali ya mitende, anarudi. Halua ya siku ile waliila wajukuu. Hayo ni yao wawili, na Mungu ndiye wa kuyatengeneza.

Langu mimi ni lile la garini, siku niliyompeleka dada Sur. Tulikuwa tumekwisha acha Ibra nyuma, yeye kiti cha nyuma na begi lake moja, nami namtazama kiooni.

"Wewe nilikungoja kabla yake," akasema. "Yeye ni mume, alikuwa na cha kupoteza. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Nikasema, "Sikutaka kukutia wasiwasi, dada."

"Khalaf. Girona walipofunga lile la tatu, ulishangilia?"

Ningeweza kusema hapana. Aliyeniona pale asingemwambia, au labda angemwambia, Ibra siri haikai. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wa miezi minane.

"Nilishangilia," nikasema. "Niliruka na wenzangu. Nilipoketi ndipo nikakukumbuka."

Alivuta mtandio, akageuza uso dirishani, na mpaka tunaingia Sur sikusikia tena sauti ya dada yangu.