Niliombea Gari Lisiguswe

Jumamosi iliyopita sisi Wakongo wa Thamesmead, hapa London, tulikodi basi kwenda kwenye mashindano makubwa ya magari. Kijana wetu Baraka alikuwa amekubaliwa kushindana humo kwa mara ya kwanza, na sote tulitamani arudi na kombe. Mchungaji alikuwa kazini, hivyo niliombwa mimi nimwombee kijana kabla hatujaondoka.

Gari lake nilikuwa nimeshalichunguza, maana mimi hakuna kinachonipita. Milango ilikuwa imebonyea, vioo havipo, na mbele limefungwa vyuma vinene. Nikahitimisha kwamba kijana hajui kuendesha, na wenzake wanaona haya kumwambia.

Basi nikaomba kwa sauti. "Bwana, gari hili lisiguse la mtu, wala la mtu lisiliguse. Mpe Baraka subira, awapishe wenye haraka."

Nikangoja amina. Ikaja moja tu, ya dereva wa basi, Mwingereza asiyejua Kiswahili.

Nilipofumbua macho, mashabiki wote walikuwa wamejifunika nyuso kwa skafu, mabega yakitikisika.

"Mama Riziki," Baraka akasema kwa heshima, "mbio hizi ni za kugongana. Ukimpisha mtu, umeshindwa. Hivi vyuma ni vya kuwasukuma wenzangu watoke njiani."

"Na ukaniacha niendelee?"

"Ulikuwa unaongea na Mungu, mama. Ningekukatiza namna gani?" Akainamisha kichwa tena. "Omba upya, tafadhali. Sasa omba niwagonge vizuri."