Asiyefanya Mazoezi Hapandi Jukwaani

Mimi shule nimeisoma kama mtu anayekula muwa kwa jino moja: natafuna, napumzika, natema, narudi. Sekondari niliianzia Karagwe nikiwa msichana, nikaimalizia Kigali nikiwa na watoto watatu, mtihani naufanya huku maziwa yananilowesha blauzi. Chuo kikuu nikaingia idara ya Kiingereza, masomo ya jioni, nikakaa miaka miwili, nikatoka. Sikumaliza. Watu wakiniuliza cheti kiko wapi nawaambia kiko njiani, kimepanda lile basi linalosimama kila kituo. Lakini katika miaka hiyo miwili nilishinda zawadi moja, na nataka kuisimulia mwenyewe, maana pale idarani kuna watu wanaisimulia kwa kunifanya mkorofi. Ukorofi sikatai. Ila wao wanaanzia katikati.

Mwanzo wake ni mama mkwe wangu.

Saluni yangu iko Gisimenti, mtaa wa starehe wa Kigali, ghorofani, katikati ya baa mbili. Moja inachoma nyama, nyingine inapiga muziki, na mimi hapo kati nasuka nywele za watu nikiwa nimefukizwa moshi kama samaki. Jioni nafunga, nakimbilia darasani, nikirudi nyumbani Gatsata watoto wamelala. Mama mkwe anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na mlango wake unatazama njia yetu. Hesabu aliyopiga haikuhitaji chuo: mwanamke, Gisimenti, anarudi usiku, ananuka nyama choma. Jibu akalipata mapema sana.

"Iko somo gani hiyo inafundishwa usiku?" alimuuliza mume wangu mbele yangu, kama vile mimi ni sufuria.

Mume wangu ni dereva wa familia moja ya matajiri wa Nyarutarama. Kazi hiyo imemzoesha kutosikia yanayosemwa kiti cha nyuma, na nyumbani vilevile, mimi na mama yake tukianza, yeye anatazama mbele tu.

Tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili. Mama mkwe alikulia Uganda, Kiswahili akakiokota sokoni. Mimi nimekulia Tanzania, na Kinyarwanda changu kinamchekesha mpaka anashika mbavu. Kwa Kinyarwanda angenishinda kabla sijamaliza salamu, kwa Kiingereza ningemshinda mimi, basi Kiswahili ndicho kikawa uwanja wa kati. Akaniambia kwa Kiswahili hichohicho kwamba mwanamke wa watoto watatu hawezi kukaa darasani na watoto wa watu, labda kama anawapikia. Na hakuniambia mimi peke yangu. Kwaya nzima ya kanisa lao ilijua.

Sasa kila mwaka idara ilikuwa na siku ya zawadi. Mwanafunzi bora wa fasihi, bora wa isimu, bora wa mdahalo, msomaji bora wa mashairi, na mwandishi wa hadithi fupi bora. Hadithi yangu niliiandika kwenye simu, kati ya kichwa na kichwa, mteja mmoja anakaushwa nywele na mwingine bado yuko barabarani. Sikutegemea kitu. Siku nilipoambiwa nimeshinda niliomba waangalie tena, huenda wamechanganya karatasi. Hawakuwa wamechanganya.

Kila mshindi aliruhusiwa wageni wawili. Nikaenda kumwalika mama mkwe, akakubali haraka mno, hata sikumaliza kueleza. Nikajua haji kushangilia. Anakuja kukagua.

"Nitakuja niisikie na sikio yangu," akasema.

Na mimi nilichotaka ni hicho tu. Kikombe ningeweza kumletea nyumbani, cheti pia, lakini mjini unachapiwa cheti ukiwa umesimama, hata jina la kuku wako wanakuandikia, na yeye alilijua hilo vizuri. Ukumbi mzima hauchapishwi. Walimu wakisimama mbele ya watu wakasoma jina langu, nimepona. Wasiposoma, kwaya itaimba.

Tatizo likawa mazoezi. Kigali sherehe haiachiwi Mungu peke yake. Siku moja kabla, washindi wote wanaitwa ukumbini wafundishwe kupokea: unapanda kulia, unatoa mkono wa kulia kwa mgeni rasmi, wa kushoto unashika kiwiko kwa heshima, unatazama kamera, unashuka kushoto. Msimamizi alikuwa mhadhiri kijana, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingekata mkate. Mwaka uliotangulia, mwanafunzi mmoja ambaye hakufanya mazoezi alipandia upande wa kushukia, akagongana kifua na mgeni rasmi, miwani ya mgeni ikaanguka, na picha kubwa ya mwaka ule ikawa ni watu wazima wameinama wanatafuta miwani. Tangu hapo ikatungwa sheria. Asiyefanya mazoezi hapandi jukwaani, na jina lake halisomwi. Zawadi ataifuata ofisini Jumatatu.

Mazoezi yalikuwa Ijumaa mchana, na Ijumaa mchana mimi nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti. Alichelewa kuja, nywele zake nyingi kama deni la serikali, na harusi ni kesho yake. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Mtu kama huyo humwachi. Ukimwacha, hata ukienda mbinguni watakurudisha ummalizie.

Nilipofika ukumbini watu walikuwa wameshaanza kupanga viti. Msimamizi akanisikiliza akiwa anatazama saa, kisha akaniambia sheria.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nimezaa watoto watatu bila mazoezi, na wote walipita upande unaotakiwa."

Wasichana wa mapokezi wakacheka, mmoja akajificha nyuma ya pazia. Yeye hakucheka. Akasema sheria ni sheria, mama. Aliniita mama kwa ule upole wa mtu anayekufungia mlango taratibu ili usipige kelele. Nikamwomba basi nisipande, nibaki nimekaa, lakini jina walisome. Akasema jina linakwenda pamoja na kupanda. Nikamweleza habari ya mama mkwe, yote, mpaka kwaya. Akasema mambo ya familia idara haiyaingilii.

Nyumbani sikusema. Ningesema nini, kwamba jina lipo ila halitasikika? Hata mimi nisingejiamini. Nikajipa moyo kwamba labda usiku Mungu atamlainisha yule kijana.

Jumamosi mama mkwe akaja amevaa mshanana wa rangi ya ndizi mbivu, umefungwa begani kama wa mama wa bibi harusi. Tukakaa safu ya tatu. Mkoba akaupakata, akaukumbatia kwa mikono miwili. Sherehe yote ilikuwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, ndiyo amri ya idara, kwa hiyo yeye alikuwa anasikia sauti tu. Kila jina likisomwa ananigusa kwa kiwiko.

"Ni wewe?"

"Bado, mama."

"Huyo je?"

"Huyo ni mwanaume."

Washindi walipanda kulia, wakashika viwiko, wakashuka kushoto, nyuma wazazi wanapiga vigelegele. Fasihi ikapita. Isimu, mdahalo, mashairi. Halafu mshereheshaji akasema, haraka kama mtu anayeruka dimbwi, kwamba zawadi zilizobaki zitachukuliwa ofisini. Ndiyo hadithi fupi hiyo, imeshapita. Mama mkwe akasubiri jina jingine, hakuna. Akanitazama mara moja, akatazama mkoba wake, akaanza kuufunga zipu. Sijawahi kusikia zipu ikisema maneno mengi vile.

Mgeni rasmi, mzee mmoja mstaafu wa ualimu, akahutubia habari za kusoma vitabu. Mwisho, kama ilivyo kawaida, akauliza kama kuna mtu mwenye neno kabla hajafunga. Swali hilo halijibiwi. Ni kama yule anayekukaribisha chakula huku analamba kidole cha mwisho. Unasema asante, mnakwenda nyumbani.

Mimi nikasimama.

Mama mkwe akanishika nguo. "Kaa chini. Umenileta huku unipige aibu?"

Nikamwondoa mkono polepole, nikaenda kwenye maiki. Jukwaani sikupanda, nilisimama chini, pale mbele ya watu. Nikaanza kwa Kiingereza changu chenye viraka, nikawasalimu wote kwa vyeo vyao, mmoja mmoja. Katikati ya salamu nikagundua napoteza muda. Mtu niliyekuwa nazungumza naye haelewi hata neno. Basi nikahamia Kiswahili, humohumo ndani ya sherehe ya Kiingereza, na nikamwona msimamizi amenyanyuka kwenye kiti kama ameketishwa kwenye siafu.

"Zawadi sikuifuata," nikasema. "Ikae ofisini, haiozi. Nimekuja jina langu lisomwe. Mama mkwe wangu ni yule pale mwenye mshanana wa njano, na kwa miaka miwili anaamini nikiaga nakwenda shule nakwenda baa. Mwenye kujua kama nasoma hapa au sisomi, amwambie."

Ukumbi ukacheka. Msimamizi akachukua maiki ya pili. Sasa huyu kijana alitaka wageni waone kwamba kosa si la idara, na wageni wengi walikuwa wazazi, kwa hiyo na yeye akaiacha ile amri ya Kiingereza, akaeleza kwa Kinyarwanda, polepole, neno moja moja, hata kiziwi angeelewa. Akataja jina langu, lote, mpaka la ubatizo. Akasema ni kweli huyu mama ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ni kweli haya masomo ni ya jioni. Ni kweli hadithi yake imekuwa ya kwanza, walimu wote wamekubaliana. Lakini hakuja mazoezi, na sheria inajulikana.

Wenzangu waliopanda walisomewa jina tu. Mimi nilisomewa jina, mwaka, ratiba na matokeo. Nikamwambia asante sana, mwalimu. Nilimaanisha, ingawa yeye alidhani namkebehi, na mpaka leo anadhani hivyo. Nyuma mwanamke mmoja nisiyemjua akapiga kigelegele. Mgeni rasmi akauliza kama kuna mwingine mwenye neno, akafunga haraka kabla hajapatikana.

Nikarudi kwenye kiti. Mama mkwe alikuwa anatazama mbele, ametulia kama yuko misani. Watu walipoanza kutoka, akanigeukia.

"Kwa nini hukwenda mazoezi?"

"Nilikuwa namsuka bibi harusi, mama."

"Shule inakuita, wewe unasuka? Mwalimu amesema sheria iko inajulikana. Wewe hukujua?"

Akanisema mpaka getini, akanisema mpaka kituo cha basi. Miaka miwili ananituhumu siendi shule, na siku ya kwanza ya kuamini akanishtaki kwa utoro. Jumapili kwaya ikapata habari mpya: mkwe wangu ana akili ila ni mzembe. Nikaichukua hivyohivyo.

Ofisini Jumatatu sikwenda. Mama mkwe alitaka twende wote, nikamwambia hapana, nimeshapokea. Idara wakanitumia ujumbe kwamba natakiwa kumwomba msimamizi radhi mbele ya kamati, ndipo nikabidhiwe kikombe. Nikajibu niko tayari, ila kwanza wapange siku ya mazoezi, nijue naombea upande gani. Hawakujibu. Kikombe nasikia bado kiko kabatini, na kama wanakifutia vumbi ni hisani yao. Muhula uliofuata masomo ya jioni yakahamishiwa mchana, nikaambiwa nichague, nikachagua saluni, inayonilisha mimi na watoto. Wapo waliosema nimekimbia aibu. Waje Gisimenti waniambie nikiwa nimeshika mkasi.

Aliyeumia kuliko wote nilipoacha ni mama mkwe. Akaninunia. Halafu asubuhi moja akapanda ngazi za saluni, kwa mara ya kwanza tangu niifungue, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akavua kitambaa. Nikamwosha nywele, nikamtia dawa, nikamweka chini ya draya. Akaniashiria niizime.

"Hadithi hiyo ilishinda," akasema, "inasema nini?"

Ningeweza kusema kuku. Mume wangu aliniapisha nikiulizwa niseme ni ya kuku na mwewe. Lakini sikusimama mbele ya walimu wote wale ili nije kuogopa ndani ya saluni yangu mwenyewe. Nikaitoa kwenye simu, nikamtafsiria yote, sikuruka mstari. Kuna mama mkwe anayeamka kabla ya jogoo, anakwenda kwenye kamba ya nguo, ananusa kanga za mkwe wake, moja moja, akitafuta pombe. Mkwe anamwona dirishani. Kesho yake anazianika tena palepale.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, povu la dawa linamshuka sikioni, hajifuti. Nikamaliza. Nikasubiri nipigwe na kitana.

"Mimi sikunusa kanga," akasema. "Kanga inashika sabuni tu, haishiki kitu. Nilinusa sweta."

Nikamwambia mama, hiyo ni hadithi, ni ya kubuni tu.

"Kama ni kubuni, buni muzuri," akasema, akarudisha kichwa chini ya draya, akaniashiria niiwashe.