Nilimtafsiria Wifi Yangu Nusu ya Maneno

Nina kosa, ndugu zangu, na sina wa kumsukumia. Sikumpa mtu sumu, sikumpiga mtu. Nilitafsiri vibaya kwa makusudi, na wifi yangu yuko kaburini. Haya sijawahi kuyasema kwa kinywa changu, hata kwa kaka yangu. Hasa kwa kaka yangu!

Sisi ni Waislamu wa Kamembe, upande wa Rwanda, watu wa biashara. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka, nitamwita Aziza, tulikuwa na meza moja ya vitenge sokoni. Vitenge tulivifuata Bukavu, ng'ambo ya Kongo, tunavuka daraja la Ruzizi kwa miguu, tunarudi na mafurushi kichwani. Aziza alikuwa na nguvu, na alijua kuwachekesha wateja mpaka wanunue. Nilimpenda, msinione hivi.

Alipojifungua binti yake wa kwanza alivuja damu nyingi. Arobaini ikapita, hali ikawa ileile. Mashavuni yalimtoka mabaka meusi, ngozi ya mikono ikakauka kama ganda la muhogo. Akitoka bombani na kindoo kidogo, lazima akae chini mlangoni apumue kwanza.

"Wifi, miye nachoka," alikuwa ananiambia. "Mwili haina nguvu hata kidogo."

Mimi moyoni nasema, uvivu huo! Tangu mimba yake ilipokuwa kubwa nilikuwa nabeba mafurushi peke yangu. Shingo iliniuma. Niliona kaka anamdekeza tu.

Sasa sikilizeni. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya jikoni miaka mingi kwa familia moja ya Wahindi kule Bukavu, mpaka nikakijua Kigujarati chao. Mama mzazi wa bosi tulimwita Ba, ndivyo wanavyomwita bibi kwao. Ba hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Lakini alijua ayurveda, tiba ya asili ya kwao, ile ya mafuta na mizizi na vyakula, na wanawake waliozaa walikuwa wanamwendea awakande.

Nikamwambia Aziza, "Twende kwa Ba akurudishie sura."

Kwa kweli nilichotaka ni arudi kubeba.

Ba alitupokea vizuri. Akamkanda Aziza mikono na mabega kwa mafuta ya ufuta ya vuguvugu, akampaka usoni manjano yaliyochanganywa na unga wa dengu na maziwa. Mtoto amelala mapajani mwangu, hata shingo haijakaza. Aziza akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Tangu nizae, hakuna muntu alinishika hivi," akasema.

Kisha Ba akamshika vidole, akatazama kucha. Akamvuta kope la chini, akachungulia jicho. Tabasamu lake likapotea.

Akaniambia kwa lugha yake: "Haya mafuta ajipake kila asubuhi, ngozi itarudi. Ale vya moto, mchuzi wa dengu, samli, tende. Lakini huu uchovu si kazi yangu. Huyu hana damu. Mpeleke hospitali leo, kabla hamjavuka. Na asibebe kitu."

Nilisikia kila neno. Wallahi nilisikia!

Aziza akaniangalia. "Anasema nini?"

"Anasema ujipake mafuta kila asubuhi, ule vya moto. Uchovu utaisha polepole ukianza kazi. Usilalelale sana."

Ba akaniuliza, "Umemwambia yote?"

"Yote, Ba."

Aziza akamshika Ba mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Hebu niambieni, mimi siku ile nilikuwa mtu wa namna gani?

Na kilichonimaliza ni kwamba mafuta yalifanya kazi. Ngozi ikalainika, mabaka yakafifia. Wamama wa sokoni wakawa wanamwambia, "Aziza, umekuwa bibi arusi tena!" Kaka akafurahi. Nani angemdhania mgonjwa mtu anayeng'aa vile? Akarudi mezani. Akarudi kuvuka. Akisimama njiani kupumua, mimi namhimiza: "Twende bwana, Ba alisema utembee."

Ba alisema! Uongo wangu niliutia kinywani mwa mama wa watu.

Aziza alianguka kwenye mwinuko wa kutoka darajani, furushi kichwani. Tulipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali, nimemshikilia katikati asidondoke. Daktari akasema damu imemwishia mwilini, moyo umechoka, mbona mmechelewa hivi? Wakaenda kutafuta damu ya kumwongezea. Aziza hakuingoja.

Nilikuwa kati ya wanawake waliomwosha. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya mtoto, na maji yalikuwa yanateleza juu ya mafuta.

Msiba ulipokwisha, kaka akasema, "Ni ule mama Muhindi. Ni dawa zake! Twende, wewe unajua luga yao."

Tukavuka. Kaka akasimama mlangoni pa Ba, akakataa kukaa. "Muulize alimupa bibi yangu nini."

Mimi nikamwambia Ba, "Aziza amekufa." Basi.

Ba akajipiga kifua, akalia. "Nilikwambia hospitali! Hamkumpeleka? Kwa nini?"

"Anasema nini?" kaka akauliza.

Ewe Mola wangu! Nafasi ya kusema ilikuwa pale pale.

"Anaomba radhi," nikasema. "Anasema hakujua kama dawa itakuwa kali."

Kaka akatema mate kwenye kizingiti. Ba akayatazama yale mate, akanitazama mimi. Naamini alielewa kila kitu.

Kaka akatangaza kote, Kamembe na Bukavu, kwamba bibi yule anaua wanawake waliojifungua. Wanawake wakaacha kumwendea. Mwishowe mwanawe akamrudisha India, na nasikia alifia huko.

Mimi meza ya vitenge niliiacha. Mtu akisema tu "anasema nini" karibu yangu, hata kwa mzaha, nainuka na kuondoka. Nikipita penye ufuta unaokaangwa, namwona Aziza amefumba macho, analia kwa sababu ameshikwa vizuri.

Binti yake nimemlea mimi. Ananiita mama. Sasa ana mimba, na juzi aliniambia, "Mama, nikizaa usinipake mafuta ya Bahindi, yaliua mama yangu."

Nikajibu, "Sawa, mwanangu."

Wenzangu, mama aliyezaa akisema amechoka, msimwite mvivu. Mpelekeni apimwe damu kwanza, mafuta na manjano yatangoja. Na ukiaminiwa kusema kwa niaba ya mwingine, sema mpaka neno la mwisho, hata kama litakuharibia biashara. Ukimeza moja, itabidi umeze la pili kulilinda lile la kwanza. Mimi nimefika la tatu, na mtoto mwenyewe amekaa mbele yangu, ananiamini.