Ukurasa Uliosema Salama Kwanza

Tangu leo asubuhi nikisikia mtu anajibu "salama" naangalia chini.

Mimi nafanya kazi Masasi, kwenye ofisi ndogo ya kompyuta. Kidato cha nne nilimaliza, mengine nimejifunza kwa kuharibu. Mmoja wa wateja wetu ni redio ndogo ya Newala. Wana kompyuta moja kubwa, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingine tatu ambazo si vyuma, ni programu tu, lakini kila moja inajiona ina diski yake. Moja kati ya hizo ndiyo inarusha matangazo. Sasa diski ya kweli, ile ya chuma, ilianza kukwaruza. Ikabidi tuhamishie kila kitu kwenye diski mpya bila redio kunyamaza. Ni kama kumimina maji toka pipa bovu kwenda pipa zima huku watu wanaendelea kuchota.

Programu ya kumimina ipo, hiyo sikuigusa. Kilichokosekana ni ukurasa wa kuiongozea: kitufe cha kuanza, cha kupunguza kasi, cha kusimamisha, na maneno ya kumwambia mtu kazi imefika wapi. Ukurasa huo niliuandika mimi, na nilijiona kweli kweli.

Hasa yale maneno. Programu nilizozoea zinamfokea mtu: kosa, imeshindikana, nyekundu kila mahali. Nikasema hapana, atakayeitumia hii ni mama mtu mzima, yule anayesoma matangazo ya vifo pale redioni. Wote wanamwita kwa jina la mwanae wa kwanza, hapa nitamwita Mama tu. Kwetu hata kama umeleta habari ya msiba hukurupuki. Unapiga hodi, unaamkia, unaulizwa habari za huko, unajibu salama. Ukishakaa ndiyo unasema, "Salama, ila..." Basi na ukurasa wangu nikaufundisha adabu. Juu, kwa herufi kubwa za kijani: Salama. Kama kuna tatizo, linakuja chini yake: Ila.

Kaka ninayefanya naye kazi aliangalia akauliza, "Na huo mstari wa ila usipoonekana?"

"Utaachaje kuonekana? Si uko hapo chini."

"Umejaribu kwenye skrini ya kule?"

"Kaka, wewe unapenda kuchelewesha mambo."

Sikujaribu. Na jana, siku ya kazi yenyewe, ilikuwa nipande Newala, nikaona napoteza siku bure. Nikapiga simu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeanzisha, naona inatembea."

"Ikisimama, soma imeandika nini. Ikiwa salama, chomoa ile ya zamani."

"Nikiharibu je?"

"Huwezi kuharibu, Mama."

Ilisimama kabla ya mchana, lakini haikuwa imemaliza. Kuna sehemu ya diski ya zamani iligoma kusomeka, programu ikawa inasubiri. Ukurasa ukaandika Salama. Chini yake ukaandika: Ila kuna sehemu haijasomeka, usichomoe. Skrini yao ni ndogo, mstari huo ukaangukia nje, mpaka uuvute ukurasa juu ndiyo uuone. Mama akaona kijani. Akachomoa.

Redio ikakata katikati ya wimbo. Nilipofika tukairudisha diski ya zamani, ikakubali kuwaka, na jua likiwa limeshaanza kushuka redio ikasema tena. Muda wa matangazo ya vifo ya mchana ulikuwa umeshapita.

Nikalala Newala. Leo asubuhi niko chini ya meza napanga waya, akaingia mzee mmoja, suruali ina udongo mwekundu mpaka magotini.

"Habari za Tandahimba?" Mama akamuuliza.

"Salama."

"Shamba?"

"Salama. Mikorosho imeanza maua."

"Nyumbani hawajambo?"

"Salama wote."

Akapewa kiti, akakaa, akavua kofia. Mama alikuwa anamngoja. Na mimi kule chini nikajikuta nangoja.

"Ila dada yangu amezikwa jana," akasema. "Hapa hapa Newala, baada ya Alasiri. Simu yangu imekufa, kule shamba nina redio tu. Ndugu wanasema tangazo waliwaletea nyie."

"Ninalo," Mama akasema. "Halikusomwa. Nilichomoa waya mimi."

Nikatoka chini ya meza. Nikasema si yeye, ni ukurasa, na ukurasa ni wangu. Nikaanza kueleza diski, mstari, ukubwa wa skrini. Niliongea sana. Mzee akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kwa hiyo mtambo ulijua kuna ubaya."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema salama."

"Ulisema salama kwanza."

Akatikisa kichwa. Nilitaka anifokee. Badala yake akamgeukia Mama, akasema, "Nisomee."

"Sasa hivi? Si hewani."

"Nisomee mimi."

Mama akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ile ile ya redioni, jina la marehemu, kijiji, kwamba mazishi yatafanyika leo baada ya swala ya Alasiri. "Habari zimfikie kaka wa marehemu, aliyeko shambani Tandahimba."

"Zimefika," mzee akasema.

Akavaa kofia, akamshukuru Mama. Na mimi akanipa mkono. Kama ningeweza kukataa ningekataa.

Mchana nimeandika ukurasa upya. Ubaya unakaa juu, peke yake, na salama haitokei mpaka kazi imekwisha kabisa. Safari hii nimeujaribu kwenye skrini yao, Mama akiwa pembeni yangu.

"Huu hauamkii mtu," akasema.

Nikainama chini ya meza. Nikaendelea kupanga waya.