Mama Mkwe na Sandali za Bati

Mama mkwe wangu Letensea alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu. Aliuza suwa pale mtaani Aba Shawul, na wanywaji walifuata matusi yake kuliko pombe, maana pombe yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa maji ya kusuuzia mtungi.

Mwanawe Okbai, mume wangu, alikwenda vitani milimani tukiwa bado tunanukia harusi. Vita vikaisha, wenzake wakaingia Asmara wakicheza. Yeye ikaja karatasi kwamba ni shahidi, yaani kafia vitani. Mama akaigeuzageuza.

"Mimi nilizaa mtoto. Hii nani kaizaa?"

Matanga hakuweka, wala chozi halikumdondoka. Nami je? Mjane asiyefiwa! Habtom, fundi baiskeli aliyekuwa mpiganaji, alinitaka, na mimi, nifiche nini, nilimtaka mpaka nikakonda. Lakini utaolewaje na huku mama mkwe bado anampakulia mumeo chakula?

Ndipo wakasimamisha zile sandali uwanjani, za bati, kubwa kupita kiasi, mfano wa zile za plastiki walizovaa wapiganaji wetu. Nikamkokota mama akazione. Jirani yetu mwalimu akajitia kumfafanulia.

"Hii ni ishara ya ustahimilivu wao, mama. Hata mwanao yumo."

"Ishara! Nchi nzima mmekosa hata soksi?"

Watu wakaangua kicheko, mwalimu akakohoa. Mama hakuwa amemaliza.

"Ukikuta viatu mlangoni mwa kanisa, mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ndani, anasali."

"Basi. Akimaliza atatoka."

Akashika njia kurudi kwenye mitungi yake. Lo! Laiti ningekuwa na kiberiti siku ile, wallahi zile sandali zingekiona.

Jumamosi Habtom alipokuja kunywa, nilimbana pembeni. "Wewe ulikuwa huko alipoanguka Okbai. Mwambie mama leo, au usinijie tena." Jasho likamtoka, lakini akaenda kuketi mbele ya mama.

"Mama, zile hazikuachwa mlangoni. Kwenye kikosi chetu, mwenzetu akianguka, tulimvua sandali kabla ya kumzika, tukampa aliye peku. Hata Okbai tulimvua."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mwanaharamu wewe! Unakunywa pombe yangu miaka yote hii, husemi?"

"Nilikuogopa, mama."

Wanywaji wakacheka. Mama hakucheka.

"Mwanangu alizikwa peku?"

"Peku, mama."

"Nani alizivaa?"

Habtom akainamisha kichwa. Nami nikaduwaa na kata mkononi. Hilo hata mimi hakuwahi kuniambia.

"Zilikutosha?" mama akauliza, sauti imekuwa ndogo.

"Zilinibana. Lakini ndizo zilizonifikisha mjini."

Mama akapiga magoti kwenye tope la pombe, akaikamata miguu ya Habtom, ile miguu michafu yenye grisi ya minyororo, akaikumbatia. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ya mwanamke aliyefiwa asubuhi ileile, akimwita Okbai wangu, Okbai wangu, mpaka majirani wakaja mbio wamejifunga shuka viunoni, na wanywaji wakavua kofia. Nami nikalia, loo, nililia mpaka kata ikanianguka.

Baadaye akafuta kamasi kwa ncha ya shuka, akanitazama kwa ukali.

"Mihret! Unashangaa nini hapo? Mletee mumeo maji ya miguu."